Kiapo cha Nguva

Nikisema nilisahau ule ukurasa wa nne nitakuwa mwongo, na uongo wa namna hiyo sina nguvu nao tena. Sikusahau. Niliufikia, nikauona, nikaukunja pamoja na ule wa tatu, nikaenda moja kwa moja kwenye wa tano. Watu walikuwa wamekaa mchangani mbele ya madrasa yetu isiyo na paa, wananisikiliza mie, mwalimu wao, nikiwageuzia sheria ya Kireno iwe maneno ya kwetu. Hakuna aliyejua kwamba kuna ukurasa umerukwa. Kaka yangu alikaa mbele kabisa, kavua kofia, anaitikia kwa kichwa kila nikimaliza kusoma, utadhani mie ndiye niliyeitunga sheria yenyewe.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya Mucojo, ukielekea Mocímboa da Praia. Tulikimbia sote siku moja, na vitu vya kichwani tu, pale watu wa porini walipokuja na mapanga na moto. Tukakaa mahemani mjini Pemba, huu wa mkoani kwetu, si kile kisiwa, miaka. Tuliporudi nyumba zilikuwa kuta, minazi imeungua vichwa, na shuleni kwangu mtu alikuwa amepasua madawati akapikia. Sikulia. Nilikasirika, na hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Bahari ilikuwepo, hiyo hawakuweza kuichoma. Lakini wanajeshi walituwekea mpaka: chombo kisipite kile kisiwa kidogo kilicho mbele yetu, na kabla jua halijazama kila mtumbwi uwe umevutwa pwani. Waliogopa kwamba wale watu wangeletewa chakula kwa njia ya bahari. Sawa, wana sababu zao. Ila samaki wakubwa wako nyuma ya kisiwa, na wavuvi wetu wakabaki kubanana ndani, kwenye maji mafupi yenye nyasi za bahari. Jarife, ule wavu wa macho makubwa uliokuwa ukitegwa kwenye kina, sasa likategwa juu ya nyasi. Na kwenye nyasi ndipo anapolisha nguva.

Kwa asiyemjua: nguva ni mnyama wa baharini, mzito kama ng'ombe, mpole, anakula nyasi, na lazima apande juu kuvuta pumzi kama sisi. Akinaswa chini hafi kwa jeraha, anakufa kwa kukosa pumzi. Jike lake lina maziwa mawili kifuani, linanyonyesha kama mama yeyote. Utotoni niliwaona mara mbili. Mara ya pili ilikuwa jike na mtoto wake, na mama yangu alituzuia kupiga kelele mpaka wapite. Tangu hapo walio hai nimewasikia kwa masimulizi tu. Wamekwisha. Kwa hiyo mtu asije akasema mie napinga wasilindwe.

Hayo maziwa ya kifuani ndiyo yaliyoleta desturi yetu. Wazee wa zamani walimwogopa nguva kwa jinsi anavyofanana na mwanamke, na walijuana wao kwa wao, wanaume peke yao baharini siku nyingi. Basi wakaweka kwamba mvuvi akimpata nguva, kabla kisu hakijamgusa, aje mbele ya msikiti, ashike msahafu, aape kwamba hakumkaribia mnyama yule kama mtu anavyomkaribia mkewe. Akishaapa nyama ni halali. Haiuzwi, inagawanywa nyumba kwa nyumba, hata kwa mtu mliyenuniana naye, na mvuvi mwenyewe anachukua kipande cha mwisho. Asiyeapa, basi. Samaki wake hawatanunuliwa tena, na mambo yatakayosemwa juu yake yatawafikia wajukuu. Wageni wakisikia desturi hii wanacheka. Na sisi tunacheka, lakini kiapo tunakula.

Mradi wa kulinda wanyama wa bahari ulikuja mwaka ule ule tuliporudi. Bwana wa mradi alikuwa mtaalamu wa wanyama wa bahari, kijana mpole kutoka Maputo, asiyejua Kiswahili wala Kimwani, lugha yetu ya pwani. Alinitafuta mie kwa sababu ya Kireno changu. Alinieleza kitu kizima kwa utaratibu, na nilimwelewa vizuri sana. Juu kabisa kuna mkataba wa mataifa, una orodha za wanyama, na nguva yuko kwenye orodha ya kwanza, ya wale ambao biashara yao imepigwa marufuku duniani. Chini yake iko sheria ya nchi yetu. Chini ya sheria ziko kanuni za wizara, chini ya kanuni iko kamati ya uvuvi ya kijiji, na chini ya kamati nikawa niko mie, na fomu yangu, na kalamu mbili za wino wa buluu. Nilijisikia mtu. Baada ya miaka ya kupangwa foleni kwa ajili ya maharage, kupewa karatasi yenye mhuri na kuambiwa kwamba mataifa yanakutegemea, we acha tu.

Kijitabu cha sheria kilikuwa na kurasa chache. Ukurasa wa tatu ulisema kila mnyama wa orodha akinaswa kwa bahati mbaya lazima itolewe taarifa. Ukurasa wa nne ulisema yeyote atakayemuua, kumbeba, kumhifadhi au kumgawa mnyama huyo, hata sehemu ya mwili wake, atafungwa zaidi ya miaka kumi. Ukasema pia kwamba akifia wavuni mwili usiguswe, wasubiriwe maofisa.

Maofisa gani? Walikuwa mwendo wa siku nzima, na barabara haipitiki bila msafara wa jeshi. Nilitazama wale watu mchangani. Walikuwa hawajala nyama tangu Pemba. Nilijua kabisa kwamba nikisoma ule wa nne watainuka waende zao, na mradi utakufa siku ile ile, na mie nitakuwa yule mwanamke aliyeletwa na serikali kuwakataza chakula. Nilitaka wanipende. Ndiyo hivyo, nasema. Nikaukunja.

Tena sikuishia hapo, nikaongeza la kwangu. Niliwaambia sheria hii si ngeni kwetu, kwamba wazee wetu waliijua kabla ya serikali, kwamba taarifa wanayoitaka wakubwa ni kile kile kiapo cha nguva. Mkimpata, apeni mbele ya watu kama kawaida, mie nitaandika, nanyi mtakuwa mmemaliza kazi. Walifurahi. Shehe wetu aliniombea dua. Bwana wa mradi aliona nyuso zao, akaniuliza nimewaambia nini hata wakafurahi hivyo, nikamwambia nimewaeleza kwa mfano wa kwao. Alisema nina kipaji.

Kaka yangu alimpata nguva kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Kaka ndiye aliyenilea. Baba alipokufa yeye alikuwa kijana wa kuoa, akaahirisha kuoa mpaka mie nimalize shule ya ualimu. Nauli yangu ilitoka kwenye wavu wake, na siku niliyovaa joho la mahafali alilia mbele ya watu bila haya. Mkewe, wifi yangu, ni mtu wa bara, kwao upande wa Mbau, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, anayejua kulima kuliko sisi sote. Desturi za baharini alizikuta kwetu. Ile ya nguva ilimchekesha toka siku ya kwanza. Alikuwa akimtania mumewe kwamba afadhali yeye kaolewa na mvuvi mzee, hana nguvu za kumfukuzia nguva.

Nilikuwa pwani walipomleta, wamemfunga ubavuni mwa mtumbwi. Alikuwa jike. Ngozi ya kijivu, imekwaruzwa na kamba, jicho dogo limezama. Kaka alikuwa kanywea. Aliniambia alilikuta jarife limejiviringisha, mnyama keshakufa, maji ya pale hayafiki hata shingoni. Angesimama tu angepumua, alisema, ila nguva hana miguu. Alilirudia hilo mara mbili tatu.

Wifi alikuja na jembe lake begani. Alimtazama yule mnyama, akamtazama mumewe, akasema wakate kamba wamwache aende na maji, asionekane. Hakuwa na habari ya sheria wala orodha. Ilikuwa tu akili yake ya mtu aliyeona vita, kwamba kitu kikubwa hivi kikiletwa mbele za watu kitaleta maneno. Kaka alimkatalia kwa upole. Alisema hajafanya jambo la kuficha, na mtu asiyeapa ndiye mwenye la kuficha. Kisha akanigeukia mie.

"Si ndivyo ulivyotusomea?"

Nikamwambia ndivyo.

Akaapa. Nakumbuka alikwenda kuoga kwanza, akavaa kanzu aliyopewa kambini, ndefu kupita kimo chake, akaishika kwa mkono mmoja isiburuze na msahafu kwa mkono mwingine. Alisema maneno yote sawasawa, sauti haikutetemeka. Wanawake tulisimama nyuma tukiuma midomo tusicheke, maana pale kwenye kumkaribia mkewe kulikuwa na mmoja aliyekohoa kwa makusudi. Ndiyo ilikuwa siku nzuri ya mwisho kijijini kwetu. Watu walikuja na sahani, na majani ya mgomba kwa wasio na sahani. Kila nyumba ilipata. Hata yule jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, alipata.

Kipande changu alikileta wifi mwenyewe, amekifunika kwa kawa. Nilikipika kwa nazi na pilipili, nikala nikamaliza, nikalamba vidole.

Kesho yake asubuhi nilikaa na fomu. Ilikuwa na maswali yake: siku gani, mahali gani, mnyama gani, yu hai au amekufa, amenaswa kwa chombo gani, mwili umefanywa nini. Kwenye lile la mwisho nilisita. Nikaenda kwa kaka, nikamkuta anatia viraka jarife, nikamwambia naweza kuandika kwamba mwili tumeuzika. Alinishangaa. Aliniuliza iweje nimfundishe uongo yeye, aliyeapa jana mbele ya watu? Andika kama ilivyokuwa, alisema.

Nikaandika kama ilivyokuwa. Jina lake, jarife lake, kiapo chake, na kwamba nyama iligawanywa nyumba kwa nyumba kwa mujibu wa desturi. Niliandika vizuri, kwa mwandiko wa ubaoni. Kipande changu sikukiandika. Fomu haikuwa na swali la mwandishi amekula nini, na mie sikujiuliza.

Bwana wa mradi alifurahi sana. Alisema hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya namna ile kutoka pwani yetu yote. Aliituma kwa wakubwa wake, wakubwa wake wakaituma wizarani, kwa sababu sheria inawataka waitume, na wizarani wakaisoma mpaka mwisho, jambo ambalo mie sikulitegemea. Kutoka hapo ikaenda kwa mwendesha mashtaka. Kila mtu alifanya wajibu wake, wallahi, nimejaribu kutafuta mtu mbaya mmoja nimtukane sijampata.

Walikuja na msafara wa jeshi, askari polisi wawili na karatasi. Kaka alidhani wamekuja kumpongeza. Alitandika mkeka.

Bwana wa mradi alinipigia simu baadaye, mtandao ulipokubali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Aliniambia yeye alituma tu, hakujua. Nikamwambia na mie niliandika tu. Kisha salio likaisha.

Kesi ilikuwa mjini, chumba cha ghorofani, feni haizunguki. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye adabu. Alimwita kaka "mzee wangu". Karani mmoja alikuwa akimtafsiria, na walipomtaka aape kwamba atasema kweli, kaka hakuelewa kwa nini aape tena.

"Nimeshaapa," alisema. "Dada yangu hapo anacho kwenye karatasi."

Watu wakanigeukia. Nikaitwa mbele, mwandishi wa taarifa. Hakimu akaniuliza maana ya yale maneno niliyoandika, kiapo cha kidesturi, aliapa nini hasa? Kwetu kuna namna ya kulisema jambo lile likabaki na heshima yake, anavyomkaribia mkewe, watu wanaelewa na hakuna aliyevuliwa nguo. Kireno changu ni cha shule. Nililijua neno la kitabu cha sayansi, la wanyama, ndilo nililolitoa. Chumba kizima kikacheka. Askari wa mlangoni alicheka hadi akaegemea ukuta. Kaka, ambaye hakulijua lile neno, akamwuliza karani wanachekea nini, na karani akamwambia. Nilimwona kaka yangu, mtu wa miaka hamsini na saba, anainamisha kichwa taratibu mpaka kidevu kikagusa kifua, na hakukiinua tena siku ile.

Hakimu hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akaniuliza kama katika kiapo kile mzee aliapa pia kwamba hakukusudia kumuua.

Nikasema hapana, kiapo hakisemi habari ya kuua.

"Kwa nini hakisemi?"

Ningeweza kusema lolote. Mie ni mwalimu, maneno ndiyo kazi yangu. Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa kwa aibu, na swali liliulizwa kwa upole, na mie nikiulizwa swali kwa upole najibu.

"Kwa sababu kwetu," nikasema, "hakuna aliyewahi kudhani kumuua ni kosa."

Akaandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akauliza kama kijiji kilielezwa sheria kabla, na mwendesha mashtaka akainua kijitabu, na orodha ya waliohudhuria mkutano wangu, na alama ya kidole gumba ya kaka mstari wa kwanza. Wakaniuliza kama nilikisoma kijitabu chote. Wifi alikuwa amekaa benchi la nyuma, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Kumbe nilichotakiwa kusema ni kitu kimoja tu, kwamba ukurasa wa nne sikuusoma, kwamba kaka yangu hakujua. Nilijua wakati ule ule kwamba hilo ndilo lingemsaidia. Nilijua pia kwamba nikilisema nitapoteza kazi ya mradi, na labda ya ualimu, na labda nitakaa pale alipokaa yeye.

Nikasema nilikisoma.

Hakimu alisema amempunguzia kadiri sheria inavyomruhusu kwa ajili ya umri wake na kwa kutoa taarifa mwenyewe. Iliyobaki ni miaka minane. Wifi alitoka nje kabla karani hajamaliza kutafsiri. Namba alikwisha kuielewa. Pale kwenye ngazi nilimshika mkono, akautoa mkono wangu juu ya wake, bila kuutupa, akauweka pembeni tu. Toka siku ile hakunisemesha.

Nilimtembelea kaka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amekonda, anakohoa, na meno mawili ya mbele hayapo, hakuniambia yalikwendaje. Hakunilaumu. Hilo ndilo linalonichoma, Mungu anisamehe, ningependa anitukane. Aliniuliza habari ya nyasi, kama bado zinafika kwenye mwamba mweupe. Aliniuliza kama watu wanamkumbuka kwenye dua ya Ijumaa. Mwisho akaniuliza kama kuna mwingine aliyempata nguva, na kama alikula kiapo. Nikamwambia hajapatikana. Akasema alhamdulillahi, ila akipatikana niwakumbushe kuapa, kwa sababu mtu akiacha kuapa mara moja hatarudi tena. Nikamwahidi. Hajui mpaka leo kwamba niliuruka ukurasa wa nne, na sijui kama nitakuwa na roho ya kumwambia kabla hajafa mmoja wetu.

Baada ya kesi, kijijini hakuna aliyeniletea habari yoyote ya baharini. Kasa, papa, nguva, hakuna. Nikipita walipokaa wavuvi mazungumzo yanakatika, wanaanza kuulizana hali ya mihogo. Mradi bado unanitaka nitembee kila bamvua, maji yakikauka, nikague nyasi na kujaza fomu. Kila mwezi naandika sifuri. Sifuri kwa wino wa buluu, zimepangana vizuri.

Siku moja ya bamvua, asubuhi, nilikwenda mbali kuliko kawaida, mpaka kwenye mkondo ulio upande wa kisiwa, ambako maji hayakauki kabisa. Wanawake watatu walikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Nilidhani wanatanda dagaa kwa khanga zao. Nilipokaribia wakaacha walichokuwa wakifanya, wawili wakageuka wakaanza kurudi pwani bila kunisalimu. Wa tatu alikuwa wifi. Alikuwa ameinama, anabonyeza kitu chini kwa mguu. Karibu naye ilikuwepo mitungi miwili ya plastiki iliyojazwa mawe, na kamba ya jarife.

Maji yalikuwa meupe siku ile, nikaona. Alikuwa mtoto wa nguva, si mkubwa, urefu wa mtu mzima aliyelala. Wamemviringisha kwenye wavu wenyewe uliomuua, wavu mzima wameutupa, na wavu kwetu ni uhai. Walikuwa wamemfunga mawe shingoni na mkiani. Hakuna aliyemchinja, hakuna aliyemla, hakuna aliyemwapia. Alikuwa anazama polepole na jicho moja linatazama juu.

Mkononi nilikuwa na fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Wifi aliuona. Akajinyoosha, akajifuta uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu ngazi za mahakama akanisemesha. Miaka yote ameniita wifi.

"Andika, mwalimu," alisema. "Anza na kile kipande nilichokuletea."

Alinisubiri kidogo, nadhani alinisubiri kwa haki kabisa, kama kuna neno niliseme. Kisha akachukua ile mitungi miwili, akaifunga kwenye kamba, akaiachia. Tulisimama tukiangalia mpaka maji yakatulia. Nikatoa kalamu pale pale, nikaandika sifuri mbele ya macho yake, nikaigeuza fomu aione. Hajui kusoma, lakini sifuri anaijua.

Mwezi uliofuata ikaja barua kutoka makao ya mradi, yenye mhuri, ikinitaka niisome mbele ya jamii. Tukakutana pale pale mbele ya madrasa, sasa imeezekwa. Barua ilisema kwamba kwa mwaka mzima hakuna nguva hata mmoja aliyeripotiwa kufa katika maji yetu, kwamba hili limewafurahisha wakubwa wa nchi na wa mataifa, kwamba kijiji chetu kimeonyesha kuielewa sheria na sasa kitatajwa kwingine kama mfano wa kuigwa. Ilikuwa na kurasa mbili. Nilisoma zote, sikuruka hata mstari. Nilipomaliza shehe alikuwa anatazama miguu yake, wavuvi wanatazama bahari.

Wifi yangu ndiye aliyeanza kupiga makofi.